Sauti ya Mshairi Aliyesahau Shairi Lake

Kitabu ni mtunzaji mwaminifu, lakini hakitunzi kila kitu. Hutunza maneno ya mshairi, mpango wa beti zake, vina vyake na mizani yake. Hakitunzi pumzi aliyoivuta kabla ya kuanza, wala haraka ya ulimi wake, wala mkwaruzo wa koo lake katika uzee. Mshairi afapo, maneno hubaki kwa walio hai, na sauti huenda na mwenyewe kaburini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa washairi wote wa dunia, wakubwa kwa wadogo, mpaka robo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Homer hakusikiwa na mtu yeyote aliyezaliwa baada ya kufa kwake, wala Hafidh wa Shiraz, wala Shakespeare. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alisikiwa na watu wa zama zake tu. Tungo zake zilikaa katika vifua vya watu mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya, na diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940; lakini sauti iliyozitamka mara ya kwanza haikuweza kukusanywa na mtu.

Miongoni mwa washairi mashuhuri wa kwanza waliovuka mpaka huo alikuwa Robert Browning wa Uingereza. Sauti yake ilinaswa mjini London tarehe 7 Aprili 1889, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza umri wa miaka 77, na miezi minane kuaga dunia. Kilichonaswa ni kifupi mno. Mtu aweza kukisikiliza kabla kikombe chake cha kahawa hakijapoa. Na ndani ya muda huo mfupi msikilizaji hukutana na jambo asilolitazamia: mshairi anaanza shairi lake mwenyewe, anakwenda mistari michache, anakwama, anarudi nyuma, anakwama tena, kisha anaomba radhi kwamba amelisahau.

Hapo pana swali ambalo halimhusu Browning peke yake. Mtunzi aliyetumia zaidi ya miaka hamsini kuchagua neno na kulikataa, kuandika mstari na kuufuta, alipewa nafasi ya kuifikisha sauti yake kwa watu ambao hawajazaliwa. Na sauti hiyo iliwafikia pamoja na kosa lake. Je, kitu hicho ni hazina au ni aibu? Na walio hai, wanapoketi kukisikiliza, wanamheshimu marehemu au wanamdhihaki? Swali hili liliumiza moyo wa mtu mmoja hasa, naye alikuwa na haki ya kuulizwa kabla ya wengine. Lakini kwanza yafaa kueleza mtu, chombo na shairi.

Browning alizaliwa Camberwell, London, tarehe 7 Mei 1812. Baba yake alikuwa karani wa Benki ya Uingereza, lakini nyumba yake ilijaa vitabu, na katika vitabu hivyo mtoto alipata sehemu kubwa ya elimu yake. Mwaka 1846 alimwoa kwa siri Elizabeth Barrett, mshairi ambaye kwa wakati huo jina lake lilikuwa kubwa kuliko la mumewe, wakaenda kukaa Italia. Mke alifariki Florence mwaka 1861, na mume akarudi London na mtoto wao wa pekee. Kwa miaka mingi wasomaji walimnung'unikia Browning kwamba maandishi yake yalikuwa magumu kama nazi isiyofuliwa: waliojua kuwa ndani mna maji walikuwa wachache, na wengi waliishia kwenye makumbi. Subira yake ilishinda mwishowe. Mwaka 1881 palianzishwa London chama cha kusoma na kueleza kazi zake, heshima ambayo ni nadra kupewa mtunzi angali hai. Basi mtu aliyekaribishwa mbele ya chombo cha kunasa sauti mwaka 1889 hakuwa mtu wa kutafuta jina. Jina alikuwa nalo, na kila aliyekuwapo alijua ni nani anayesema.

Chombo chenyewe kilikuwa fonografu. Thomas Edison wa Marekani alikibuni mwaka 1877. Cha kwanza kilitumia karatasi nyembamba ya bati, ambayo haikudumu. Mwaka 1888 alitoa kilicho bora zaidi, kilichotumia silinda ya nta, mviringo kama kipande cha mwanzi. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuelezeka kuliko kusadikika. Msemaji alinena ndani ya bomba. Sauti ilitikisa kiwambo kilichokuwa mwisho wa bomba. Kiwambo kilisukuma sindano, na sindano ilichimba mfuo katika nta iliyokuwa ikizunguka. Penye sauti kubwa mfuo ulizama, penye sauti ndogo ulipita juujuu. Sindano nyingine ilipopitishwa katika mfuo ule ule, kiwambo kilitikisika kama kilivyotikisika mara ya kwanza, na maneno yakarudi hewani. Hapakuwa na wino, wala herufi, wala mwandishi wa kusimama baina ya kinywa na ukumbusho wake. Kalamu ilikuwa pumzi ya msemaji mwenyewe. Silinda moja ilitosha kwa dakika chache tu, na nta ilikuwa laini. Kila ilipochezwa, sindano ilikula kidogo ya kile ilichokitoa.

Wakala wa Edison katika London alikuwa Kanali George Gouraud, Mmarekani aliyejua kwamba bidhaa mpya hupata heshima kutoka kwa watu wenye heshima. Alikuwa na desturi ya kuwaalika watu mashuhuri waseme katika fonografu. Mwezi Oktoba 1888 mtunzi wa muziki Arthur Sullivan aliposema mbele ya chombo hicho alikiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba amestaajabu kwa uwezo wake, na kwamba ameingiwa na hofu akifikiri ni muziki mbaya kiasi gani utakaohifadhiwa milele. Watu walicheka, lakini alikuwa amegusa tabia ya chombo. Mwandishi huchagua, mhariri hupunguza, mpiga chapa husahihisha. Fonografu haina hukumu. Hupokea neno zuri na kikohozi kwa mkono mmoja.

Shairi ambalo Browning alianza kulisema mbele ya chombo hicho linaitwa, kwa Kiswahili, “Jinsi Walivyoleta Habari Njema kutoka Ghent hadi Aix”. Lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1845, lina beti kumi zenye mistari sita kila mmoja, na ni miongoni mwa mashairi yake machache ambayo hata mtoto aweza kuyafuata. Wapanda farasi watatu wanatoka Ghent usiku wa manane kupeleka habari za kuuokoa mji wa Aix. Wanakwenda shoti usiku kucha na mchana. Farasi wawili wanaanguka njiani. Wa tatu anafika, na watu wa mji wanampa mvinyo wa mwisho waliobakiwa nao. Habari zenyewe ni zipi, shairi halisemi. Wala tukio lenyewe halimo katika historia. Browning mwenyewe alieleza kwamba alilibuni. Alisema kwamba alilitunga ndani ya merikebu, karibu na pwani ya Afrika, baada ya kukaa baharini muda mrefu hata akatamani mbio za farasi wake aliyemwacha nyumbani, akaliandika kwa penseli katika karatasi tupu ya kitabu cha Kiitaliano alichokuwa nacho. Kwa hiyo shairi la mbio lilizaliwa mahali ambapo mtu hana nafasi ya kukimbia.

Uzuri wake mkubwa ni mwendo. Kwa jumla mizani yake huenda silabi mbili nyepesi zikifuatwa na moja nzito, mara nne katika kila mstari, na msomaji hupata kusikia kwato kabla hajapata kufikiri maana. Shairi la namna hiyo haliko kamili katika karatasi. Hutaka ulimi, na hutaka ulimi wa haraka. Katika shule za Uingereza watoto walikaririshwa shairi hilo vizazi kwa vizazi, wakasimama mbele ya wenzao na kulitoa kifuani bila kitabu. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu siku ambayo mwenye shairi alilisahau, huenda katika London hiyo hiyo walikuwamo wavulana wengi ambao wangeweza kumkumbusha.

Ilikuwa jioni ya karamu nyumbani kwa Rudolf Lehmann, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani ambaye alikuwa amepata kuichora sura ya Browning. Gouraud alikuja na fonografu, na wageni wakaombwa kusema. Anayesikiliza leo husikia kwanza mkwaruzo wa nta, kama mvua juu ya makuti. Kisha sauti ya mzee hutokea ndani ya mvua hiyo, nayo si sauti ya uzee uliochoka. Ni ya nguvu, ya haraka, yenye furaha ya mtu anayetoka mbio. Anaruka juu ya farasi pamoja na wenzake wawili, lango linawapita, mbio zinaanza. Na mara farasi anajikwaa. Maneno yanarudiwa. Mstari mmoja unamchanganya na mwingine. Shoti imekwisha. Mzee anasema kwamba anasikitika mno, hawezi kuyakumbuka mashairi yake mwenyewe. Lakini kuna jambo moja atakalolikumbuka maisha yake yote, nalo ni mshangao alioupata kwa uvumbuzi huu wa ajabu. Baadaye analitamka jina lake kwa sauti kubwa, Robert Browning. Na waliokuwapo wanampigia kelele za shangwe, kwa desturi ya Waingereza wanapomtukuza mtu karamuni.

Hayo ndiyo yote. Mwenye kutafuta shairi zima hatalipata humo, wala hatapata ubeti mmoja uliotimia kama ulivyochapwa. Kwa kipimo cha mtahini wa shule, Browning angeambiwa aketi, aite mwingine. Na wapo wanaoweza kusema, kwa nia njema, kwamba kitu kama hicho hakikupaswa kuhifadhiwa: mshairi ahukumiwe kwa kazi aliyoikamilisha, si kwa dakika aliyoteleza, ulimi ulioteleza jioni moja usiwekwe pamoja na kalamu iliyofanya kazi miaka zaidi ya hamsini. Rai hii si ya kubezwa. Heshima ya mtu ni pamoja na haki ya kufuta alichokosea, na nta ilimnyima haki hiyo.

Lakini matukio ya miezi iliyofuata yaliipa nta ile uzito mwingine. Mwaka huo huo, vuli ilipokwisha, Browning alikuwa Venice katika jumba la mwanawe, akaugua. Kitabu chake cha mwisho, Asolando, kilitoka London tarehe 12 Desemba 1889. Siku hiyo hiyo alifika ujumbe wa simu kwamba kitabu kimepokewa vizuri sana. Aliambiwa akiwa kitandani, akafurahi, na usiku huo akafariki. Hivyo mtunzi wa shairi la habari njema alipata habari njema zake katika saa za mwisho, kama mji ule wa Aix. Mwili wake ulirudishwa Uingereza, ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey siku ya mwisho ya mwaka, mahali panapoitwa Pembe ya Washairi.

Mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, tarehe 12 Desemba 1890, baadhi ya watu waliompenda na kupenda kazi zake walikutana London, katika nyumba ya shughuli za fonografu za Edison. Silinda ya nta ikatolewa, ikawekwa mahali pake, ikazungushwa. Na mtu ambaye kaburi lake lilikuwa mwendo mfupi kutoka pale akaanza tena safari ya kutoka Ghent, akasahau tena, akaomba radhi tena, akalitamka jina lake tena. Mchungaji H. R. Haweis, aliyekuwa miongoni mwao, aliandika barua katika gazeti la The Times kuwaarifu watu. Alilitangaza kuwa jambo la kwanza la aina yake, kwamba sauti ya mtu mkubwa imesikika kutoka ng'ambo ya kaburi, na kikao kile alikieleza kwa neno ambalo Waingereza walilitumia kwa vikao vya kuita roho za wafu.

Barua hiyo ilisomwa na Sarianna Browning, umbu lake marehemu. Sarianna hakuolewa. Alikaa na kaka yake tangu baba yao alipofariki mwaka 1866, akamwendeshea nyumba, akasafiri naye, na alikuwa naye Venice siku aliyokufa. Sauti ile aliisikia asubuhi na jioni kwa zaidi ya miaka ishirini, ikiita, ikitania, ikiuliza chakula. Kwake haikuwa ajabu ya sayansi wala kumbukumbu ya fasihi. Alipojua kwamba watu wameketi katika chumba kusikiliza sauti ya Robert aliyekufa, na kwamba jambo hilo limetangazwa gazetini kama tamasha, aliandika kwa uchungu kwamba sauti ya marehemu imegeuzwa kuwa kiburudisho, akamwomba Mungu awasamehe wote, naye mwenyewe akakiri kuwa anaona taabu kusamehe.

Malalamiko hayo ya mwanamke mzee katika huzuni yana sheria ndani yake. Picha ya marehemu iliyotundikwa ukutani humtazama mtazamaji bila kusema. Barua yake humngoja msomaji aifungue. Sauti ni kitu kingine. Sauti humwingia mtu bila hodi. Mwenye kufiwa anaposikia sauti ya aliyemfia, mwili humtangulia akili: hugeuka kutazama mlangoni kabla hajakumbuka kwamba hakuna ajaye. Kumwita mtu kwa namna hiyo mbele ya wageni, kwa saa iliyopangwa, kisha kupiga makofi na kwenda nyumbani, ni jambo ambalo ndugu yeyote angeona limekosa adabu. Waliokutana pale hawakuwa na nia mbaya. Walimpenda mshairi; lakini wao walimpenda kama watu wapendavyo kitabu, na Sarianna alimpenda kama watu wapendavyo ndugu.

Tena neno lile la kuita roho lilikuwa mkuki penye kidonda. Browning mwenyewe alichukia vikao vya namna hiyo kuliko karibu kila kitu. Mwaka 1855, yeye na mkewe walihudhuria kikao cha Daniel Dunglas Home, mtu mashuhuri wa kazi hiyo, huko Ealing karibu na London. Elizabeth alivutika, Robert alitoka na hasira, na hasira hiyo haikumwacha. Mwaka 1864 alitoa shairi refu, “Mr Sludge”, ambamo mwita roho mmoja mdanganyifu anakamatwa katika hila zake, akajitetea kwa maneno mengi mpaka akajivua nguo mwenyewe. Basi kwa umbu lake, ambaye aliyajua haya yote, hakuna tangazo ambalo lingekuwa kinyume cha marehemu kuliko hilo: mwadui wa waita roho ameitwa.

Hata hivyo, upande wa pili wa mizani haukuwa mtupu. Ukiangalia kazi ya Browning kwa jumla, utaona kwamba hakuna mshairi wa zama zake aliyefanya juhudi kubwa kuliko yeye ya kuwasemesha wafu. Sanaa yake hasa ilikuwa shairi la msemaji mmoja: anamchukua mtu, mara nyingi wa karne zilizopita, anamweka mahali, anampa msikilizaji, kisha anamwacha aseme mpaka ajifichue. Mwezi Juni 1860 alinunua kwa sarafu ndogo, katika soko la Florence, kitabu kikuukuu cha manjano chenye hati za kesi ya mauaji iliyohukumiwa Roma mwaka 1698. Kutokana na hati hizo alitunga kazi yake kubwa kuliko zote, The Ring and the Book, iliyotoka mwaka 1868 na 1869, yenye mistari zaidi ya 20,000. Humo muuaji anasema, aliyeuawa anasema, Papa anasema, mawakili wanasema, watu wa mitaani wanasema; kila mmoja kwa ulimi wake, kwa kigugumizi chake na hila zake. Wote walikuwa wamekufa zaidi ya miaka mia moja na nusu.

Tofauti baina ya Sludge na mtunzi wa The Ring and the Book iko wapi, ikiwa wote wawili wanawasemesha wafu? Iko katika uaminifu. Mwita roho humtia marehemu maneno ambayo hakuyasema, ili kumpendeza aliye hai na kumtoa fedha. Mshairi hukiri kwamba yeye ndiye anayetunga, na hutafuta kwa kazi ngumu ukweli wa mtu aliyekwenda. Anayemwita mfu ili amfurahishe husema mambo laini. Amani, mapenzi, njoni. Anayemtafuta mfu kwa haki humkuta na madoa yake.

Kwa kipimo hicho sauti iliyonaswa nyumbani kwa Lehmann yatoka katika hukumu ikiwa safi, na kinachoisafisha ni lile kosa. Mdanganyifu gani angebuni sauti ya mshairi mkuu ikisahau shairi lake? Roho za Sludge hazisahau. Ni binadamu tu asahauye, na binadamu wa kweli ndiye aliyemo katika nta ile. Kama angelisema shairi zima bila kukwama, msikilizaji angepata shairi ambalo tayari alikuwa nalo kitabuni tangu mwaka 1845, limeongezewa lafudhi. Alipokwama, alitoka nje ya shairi, na hapo akasikika mtu ambaye hayumo katika kitabu chochote: mzee mchangamfu, mwenye haya kidogo, mwepesi wa kuomba radhi na mwepesi wa kushangaa. Kitabu kilikuwa kimelitunza shairi. Nta ilimtunza mshairi.

Jambo hili huonekana wazi zaidi ukimweka karibu na rafiki yake na mshindani wake, Alfred Tennyson. Jioni ya tarehe 27 Septemba 1855, katika nyumba waliyopanga akina Browning mjini London, Tennyson aliwasomea rafiki zake shairi lake refu Maud, na Browning naye alisoma shairi lake juu ya mchoraji Fra Lippo Lippi. Mchoraji Dante Gabriel Rossetti alikuwamo chumbani, akamchora Tennyson kwa siri akiwa ameketi na kitabu mkononi. Mwaka 1855 hapakuwa na njia nyingine ya kuihifadhi jioni hiyo. Mchoro upo: mguu umekunjwa, kitabu kimeinuliwa karibu na uso. Sauti haimo. Mwaka 1890 fonografu ilimfikia Tennyson katika kisiwa cha Wight, naye akiwa na umri wa miaka 80 alisoma mashairi kadhaa, na miongoni mwao lile la mwaka 1854 juu ya askari wapanda farasi wa vita vya Crimea. Silinda zake zilidhurika baadaye, na sauti husikika kama mtu asemaye nyuma ya mawimbi. Lakini yatosha kuonyesha usomaji uliojulikana kwake, wa kuvuta irabu na kukaribia kuimba. Hapo mtu husikia fahari. Tennyson anasimama ndani ya shairi lake kama imamu katika mihrabu, wala hatoki. Ni hazina, na mwanachuo wa mizani ya Kiingereza aweza kujifunza humo mengi kuliko katika mistari michache ya Browning. Lakini anayetaka kujua ingalikuwaje kuketi meza moja na mshairi wa karne ile, ataisikiliza nta ya Browning.

Bado imebaki haki ya Sarianna. Je, alikosea kuumia? Hakukosea. Lakini ndani ya nta yenyewe mna neno ambalo huenda lingempunguzia uchungu, kama angeweza kulisikia bila machozi. Baada ya kusahau, baada ya kukiri kwamba amesahau, Browning hakunyamaza wala hakurudi nyuma ya watu. Alilitamka jina lake. Alijua chombo kile kazi yake ni nini. Alikuwa ametoka kukisifu kwa hiyo kazi. Alijua kwamba maneno yaliyokatika yamekwisha chimbwa katika nta na hayatafutika, na juu yake akaweka jina, kama mtu anayetia sahihi chini ya hati, si chini ya hati nzuri tu bali chini ya hati yenye doa. Kwa tendo hilo kilichokuwa ajali kiligeuka zawadi. Hakuna aliyemwiba sauti. Aliitoa mwenyewe akiwa na akili timamu, na akaonyesha ni ya nani. Waliokosea, kama walikosea, si wale walioitunza, bali ni yule aliyeitangaza kama mazingaombwe.

Kutokana na hayo hupatikana adabu ya kusikiliza, ambayo yawafaa wanachuo wa leo kuliko watu wa mwaka 1890, kwa sababu leo sauti za washairi waliokufa zimekuwa nyingi na nyepesi kupatikana. Sauti ya marehemu ni amana. Isisikilizwe ili kucheka ulimi ulioteleza, wala kama ajabu ya kupitisha jioni. Isikilizwe kama mtu anavyoketi na mzee ambaye kumbukumbu imeanza kumtoka: neno likimpotea, kijana mwenye adabu hamtazami usoni, humngoja. Huenda akalipata. Asipolipata, kijana akumbuke kwamba mzee huyo ndiye aliyelitunga, na kwamba kwa sababu alilitunga vizuri, wengine wote wanalijua.

Maana huu ndio ushindi uliofichika katika dakika zile. Shairi lililomponyoka Browning siku ile halikupotea. Kwa miaka arobaini na minne lilikuwa limekwisha toka mikononi mwake, likakaa katika vitabu, katika vyumba vya madarasa, na katika vifua vya watu asiowajua, kama tungo za Muyaka zilivyokaa katika vifua vya watu wa Mombasa. Mtunzi alikuwa na ruhusa ya kulisahau. Tarehe 6 Oktoba 1892 Tennyson naye alifariki, akazikwa Westminster Abbey ubavuni pa Browning, na wote wawili wamenyamaza chini ya sakafu moja. Juu ya ardhi, kila nta yao inapozungushwa, mmoja husoma shairi lake kwa fahari. Mwingine hupanda farasi kwa haraka, hujikwaa, huomba radhi, hulitaja jina lake, na watu waliokufa zamani humshangilia.